Sura ya Nne: Anaenda Wapi Asubuhi?

Vuhovi hakuna majira ya baridi. Kuna baridi tu. Ukifungua mlango kabla ya saa moja asubuhi unakuta ukungu umekaa mabondeni na vilima vimebaki vichwa tu. Migomba inadondosha maji ingawa usiku mvua haikunyesha. Mama mmoja anapita njiani, jembe begani, koti la mwanamume limekazwa kiunoni kwa kipande cha kitenge. Hakuna anayemwuliza kwa nini ametoka na hali hii. Maharagwe hayajipalilii.

Vuhovi ndiyo makao ya utawala wa kimila wa Bashu, mashariki ya Butembo, huku Kongo, juu ya milima ya Mitumba. (Wasomaji wa Dar es Salaam wasicheke: ni jina la milima, si la nguo, ingawa lile koti nalo ni la mitumba.) Mstari wa ikweta unapita kilomita chache kusini ya Butembo, na mtu aliyeijua Afrika kwa picha angedhani tunaungua. Lakini mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na vijiji vingi viko juu yake. Baridi yetu inaletwa na urefu huo, na mawingu ya misimu miwili ya mvua: ule wa Machi hadi Mei, na ule unaoanza kati ya Agosti na Septemba ukaendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Jua lenyewe haliendi popote. Januari mchana ni saa kumi na mbili, Julai ni saa kumi na mbili. Tofauti ni ndogo mno, hakuna anayeihesabu. Mtu wa Vuhovi anaweza kutetemeka mwaka mzima, ila mwanga haumpiti hata siku moja.

Naomba msomaji ashike hilo, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Tunasema "baridi" kwa maana ya ubaridi, tena tunasema "majira ya baridi" kwa maana ya ile miezi ya Ulaya, kana kwamba ni kitu kimoja kilichozidishwa. Watu wa pwani wana kipupwe chao, lakini kipupwe ni upepo wa kusi na shuka moja ya ziada usiku. Kwa Kinande baridi ni embeho, ndugu wa damu wa neno upepo, na neno hilo linatosha kabisa kwa kitu kinachopita. Theluji tunaijua kwa macho, kwa mbali: asubuhi ikiwa safi, kutoka kwenye kingo za milima zinazotazama bonde la Semliki, unaona Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109. Jina Rwenzururu, wanalolitumia ndugu zetu Bakonzo wa upande wa Uganda, limetokana na neno la theluji. Kwetu theluji ilikuwa mali ya mlima. Hakuna aliyewahi kuifagia mlangoni kwake.

Ndipo ndugu yangu akaenda Oslo.

Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Jina lake halitasaidia kitu: ni mtoto wa kiume wa pili, na ukiliita jina la mtoto wa kiume wa pili katika soko la Butembo watu hamsini watageuka. Aliondoka kama wengi walivyoondoka, kupitia kambi za Uganda, miaka kadhaa ya kungoja, mahojiano, chanjo, ndege. Mwaka wa kwanza alinipigia simu kila Jumapili. Novemba ya pili simu zikapungua. Desemba alinipigia mara moja, akasema, "Yaya, huku jua linatoka saa tatu, linaingia saa tisa. Niambie, saa moja ya huku ni saa moja ya nini?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba ameuliza jambo zito. Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya ikweta. Inaanza kuhesabu jua linapochomoza, ndiyo maana saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na kwa mtu wa Butembo hesabu hiyo inakaa sawasawa na anga. Oslo, karibu na Krismasi, jua huchomoza saa tatu na robo hivi na kuzama saa tisa na dakika chache alasiri. Tromsø, kaskazini zaidi, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Huko "saa moja asubuhi" ni jina la giza. Ndugu yangu alikuwa akifanya usafi wa ofisi usiku, analala kukipambazuka, anaamka kumeshakuwa usiku tena. Alikuwa anakula mkate na sukari. Alikuwa analala kwa muda wa saa kumi na bado anaamka amechoka. Kanisani haendi. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mtu mwingine, kwamba halii wala hacheki.

Hali hiyo ina historia yake, na historia yenyewe inapita Afrika. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Johannesburg, alihamia New York mwaka 1976. Alikuwa ametoka kwenye jua. Kila majira ya baridi yalipoingia alijiona anapungua nguvu, na kila majira ya kuchipua yaliporudi naye alirudi. Angeweza kusema ni ugeni. Badala yake, akiwa na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, alikusanya watu waliokuwa na hadithi kama hiyo, na mwaka 1984 wakachapisha maelezo ya sonona inayokuja na majira na kuondoka nayo. Watu hao walilala mno, walitamani wanga na sukari, waliongezeka uzito, walijitenga. Walipowekwa mbele ya taa kali, wengi walipata nafuu. Napenda kufikiri kwamba ilihitajika mtu wa kusini kuiona, kwa sababu mwenyeji alishaizoea na kuiita Novemba.

Jinsi mwanga unavyofanya kazi hii si fumbo tena. Ndani ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna kifundo kidogo cha chembe hai kinachoendesha saa ya mwili: usingizi, njaa, joto, homoni. Saa hiyo haiko sawa kabisa na siku ya dunia, inahitaji kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba kuna chembe za retina ambazo kazi yake kubwa si kuona umbo wala rangi. Zinapima tu kama kumekucha. Na balbu ya sebuleni haizitoshi kama mwanga wa nje. Mwanga hupimwa kwa laksi, na chumba cha kawaida kina 100 mpaka 300. Macho yanazoea, tunaona pametosha. Nje, adhuhuri ya siku ya mawingu mazito ya Desemba huko kaskazini, kuna mwingi zaidi ya huo, na theluji mpya ikiwa chini inarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia. Taa za tiba hutoa laksi 10,000, mtu akae mbele yake kama nusu saa. Kwa hiyo anayesema "nje hakuna jua, nitoke kufanya nini?" anapima kwa kipimo kisicho chake. Siku mbaya ya nje inaushinda mwanga wa sebule nzuri mara kadhaa.

Hapa nisahihishe kosa ambalo watu wetu wa ughaibuni wanalipeana kwa simu: kwamba ukitembea nje Januari utapata vitamini D. Hutapata. Uingereza, kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, miale inayoifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo haifiki kwa nguvu ya kutosha, na Norwe ni kaskazini zaidi. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi hata wakati wa joto, ndiyo maana Waingereza wanawashauri watu wa asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Vitamini ni kidonge au samaki. Kutoka nje ni kwa ajili ya macho, miguu, na watu unaokutana nao. Ukivichanganya, utatembea wiki tatu, utapimwa damu, utakuta vitamini imepungua, utasema matembezi ni uongo wa Wazungu.

Wenyeji wa huko wanalo neno friluftsliv, maisha ya hewa huru, ambalo Henrik Ibsen alilitumia katika shairi la mwaka 1859. Wanalisema kwa heshima kidogo ya kidini. Wanalaza watoto wachanga nje katika vigari vyao, wamefungwa sufi mpaka puani, nao watoto wanalala. Ndugu yangu alipoona hayo mara ya kwanza karibu aite polisi. Mimi nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alilala mgongoni mwa mama yake katika shamba la viazi, mvua ikinyesha juu ya mwavuli uliotoboka, na hakuna aliyelipa jambo hilo jina. Tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Ila wao wanatoka ili kutoka. Hilo mtu wa kwetu halimwingii kirahisi. Kwetu, mzee akikutwa juu ya kilima cha Isale amesimama tu, anatazama, bila jembe wala mbuzi, jioni watakuja kumwuliza mkewe kama kuna tatizo.

Nilimpelekea mama yangu habari hizi, yeye akiwa Vuhovi, mimi mjini. Nilieleza vizuri: baridi nyuzi kumi chini ya sifuri, giza, kazi ya usiku. Nilitegemea aulize kama mtoto ana koti. Akanyamaza, kisha akauliza:

"Asubuhi anaenda wapi?"

"Haendi popote, Mama. Analala."

"Ndiyo. Basi mwambie atafute mahali pa kwenda."

Niliona kama hakunielewa. Siku hizi naona kwamba ni mimi niliyechelewa. Nilikuwa nimemtumia ndugu yangu maelezo ya laksi na retina, yote ya kweli, na yeye alikuwa ameyasoma kitandani. Maarifa hayakumtoa, kwa sababu mtu mwenye sonona hakosi maarifa. Anakosa ule msukumo unaogeuza "ningetoka" kuwa kiatu mguuni. Mwanasaikolojia Peter Lewinsohn, huko Oregon, tangu miaka ya 1970 alifundisha kwamba kungoja moyo upate hamu ndipo mtu atende ni kushika jambo kwa mkia: tendo dogo litangulie, lenye saa yake na mahali pake, hamu itafuata nyuma, au haitafuata siku hiyo, na kesho litendwe tena. Tiba iliyojengwa juu ya wazo hilo imepimwa mara nyingi na kuonekana inasaidia. Mama hakumsoma Lewinsohn. Anajua tu kwamba mguu hautoki bila safari.

Kuna mfano wa karibu na sisi ambao napenda kuutaja kila ninapopata nafasi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma ya afya ya akili katika kliniki ya Mbare, Harare. Vyumba vilikuwa vimejaa, wauguzi walikuwa na kazi tele. Akabaki na bibi kumi na wanne wa mtaa waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, na nafasi ya nje. Wakaweka benchi la mbao chini ya mti. Mtu anakuja, anaketi na bibi, anaeleza, wanachagua tatizo moja la kushughulikia kabla ya kikao kijacho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Watu husifu bibi, na wanastahili. Mimi naangalia pia benchi. Liliwekwa nje kwa ufukara, lakini nje kulimpa mgonjwa kitu ambacho chumba hakitoi: safari fupi ya kwenda, mwanga, na namna ya kuzungumza mkiangalia upande mmoja. Kwetu, kyaghanda ndivyo ilivyokuwa: moto, wazee kuuzunguka jioni, na mwenye jambo zito analisema akitazama makaa.

Ndugu yangu alipata mahali pa kwenda kwa njia ya kuchekesha. Jirani yake, mama mzee wa Kinorwe, alianguka kwenye barafu mbele ya jengo akavunjika mkono. Wakazi wakaitana kusafisha njia kwa zamu. Wenyewe huita kazi hiyo ya pamoja dugnad. Alipoelezwa maana yake akakumbuka kazi za pamoja za kwetu, akasema, "Kumbe ni salongo!" Akachukua zamu ya saa nne asubuhi, kwa kuwa wengine wako kazini. Ikambidi alale mapema kidogo baada ya kazi, aamke, avae tabaka tatu, sufi ndani na si pamba, kwa sababu pamba ikiloa jasho inageuka barafu mwilini, aongeze viatu vyenye meno, ashuke. Dakika arobaini za koleo. Wakongomani wenzake wawili walikuja kumcheka, wakarudi wiki iliyofuata na makoleo yao.

Sitasema alipona kwa theluji. Alimwona daktari pia, na dawa alimeza miezi kadhaa, na mimi ningemgombeza kama angekataa. Anayefikiria kujidhuru, au ambaye hawezi tena kula wala kuamka, hahitaji ushauri wa matembezi. Anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu leo, Oslo au Goma, ambako Ndugu wa Upendo wana kituo chao cha Tulizo Letu. Nasema tu kwamba Machi sauti yake ilikuwa imerudi, na kwamba alianza kunieleza habari za watu: nani alimsalimia, mbwa gani anamjua.

Lakini siwezi kuandika sura hii kana kwamba tatizo la nje liko Oslo peke yake.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo letu la Beni yamegeuza asubuhi kuwa jambo la kufikiriwa. Wengi waliuawa shambani, au njiani wakirudi. Watu wanatazama mvua ikianza, mbegu ziko ndani, na hawatoki. Mwaka 2018, tarehe 1 Agosti, Ebola ikatangazwa. Ikaingia Beni, Butembo, Katwa, na Vuhovi nayo, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Tuliacha kushikana mikono. Tulisalimiana kwa viwiko, kwa aibu. Msiba, ambao kwetu ni uwanja uliojaa watu usiku na mchana, ukawa watu wachache nyuma ya kamba. Katika vituo vya matibabu madaktari walileta vyumba vya plastiki angavu, mgonjwa alale ndani, familia isimame nje wakionana uso kwa uso. Nakumbuka jinsi watu walivyovizungumzia sokoni: hawakusema vina mashine gani, walisema, "mle unaona nje". Kisha, tangu tarehe 6 Mei 2021, mkoa wote wa Kivu Kaskazini ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Kwa hiyo mtu wa Vuhovi anajua kujifungia kwa sababu ambazo hakuna taa inayoziponya. Ana mwanga wa bure saa kumi na mbili kila siku, mwingi kuliko ule wa taa yoyote ya tiba, na hana ruhusa ya hofu yake kuutumia. Nimeona majirani waliokaa ndani wiki nzima baada ya habari mbaya wakawa na dalili zilezile za ndugu yangu: usingizi usiopumzisha, ukimya, hasira ndogo ndogo. Kuwaambia "nendeni mkatembee" ni ukatili. Wanachofanya, wale wanaoweza, ni kupunguza nje iwe saizi ya usalama wao. Shamba la mbali linaachwa. Uani wanapanda mchicha na vitunguu katika magunia. Wanawake wanakwenda mtoni kwa kundi, saa moja, wakiongea kwa sauti ili wasikike. Maharagwe yanachambuliwa barazani badala ya jikoni, ingawa moto uko jikoni. Hakuna anayesema ni kwa ajili ya moyo. Wanasema ndani hamuonekani mawe.

Mama sasa analima kipande kilicho nyuma ya nyumba tu. Hatua sitini, alizihesabu. Lile shamba la viazi la bondeni, alimolala ndugu yangu mgongoni mwa mama yake, hajalifikia tangu mwaka juzi. Asubuhi anatoka na jembe vilevile, ukungu ukiwa bado chini, na koti la marehemu baba.

Januari iliyopita nilipanda Vuhovi na picha kwenye simu: ndugu yangu mbele ya jengo lake, kofia ya sufi, mvuke mdomoni, koleo mkononi, theluji imefika magotini. Mama aliitazama muda mrefu. Aliuliza hiyo nyeupe inatupwa wapi. Nikamwambia inasukumwa pembeni tu, usiku inanyesha tena, kesho inaondolewa tena.

"Kama magugu," akasema. Akaisogeza simu karibu na macho. "Mpini ni mrefu sana. Ataumia mgongo. Lakini tazama, anashika vizuri."